Zana ya Umaskini

Binamu wa Chiriku alipopata nafasi kwenye kile chuo kikubwa chenye bustani iliyonyolewa kama kichwa cha bwana harusi, ukoo mzima ulianza kumwita Profesa. Chiriku, aliyeangukia chuo cha kawaida nyuma ya stendi, alimpongeza kwa mdomo huku roho ikimuuma.

Jumapili Profesa alikuja kula kwao, amevaa sweta la chuo kwenye joto la kuyeyusha mshumaa. "Shangazi," akasema, mguu juu ya mguu, "lazima kwanza tuelewe zana ya umaskini."

Zana! Chiriku nusura apaliwe. Dhana, mjinga wewe. Zana ni jembe na nyundo! Lakini mama yake alikuwa amekodoa macho, kijiko hewani, kama anayesikiliza taarifa ya habari. Binti yake mwenyewe hajawahi kusikilizwa hivyo hata siku moja. Kijicho kikampanda Chiriku. "Na apotee hivyohivyo," akajisemea, akamega tonge jingine.

Kesho yake, darasani kwao, mwalimu aliuliza umaskini ni nini. Chiriku akakumbuka kile kijiko cha mama. Akasimama, akasafisha koo.

"Lazima kwanza tuelewe zana ya umaskini."

Darasa likaangua kicheko. "Zana gani, dada?" akauliza mwenzake wa dawati. "Nyundo au bisibisi?"

Chiriku akamtazama kwa huruma, kuanzia kandambili hadi nywele.

"Ndiyo shida yenu," akasema, "nyie wa vyuo vya kawaida."