Mabenchi ya Kigango

Mwalimu Syovata aliiona ile pikapu ikikata kona na kuingia uwanjani kwa shida, matope ya mvua za Elinino yamejaa hadi milangoni, lakini hakusimamisha somo. Alijua imefuata nini. Barua ya parokia ilikuwa imekuja tangu wiki ya Krismasi: kigango, kanisa hili dogo la kijijini, kifungwe, mabenchi na kengele vipelekwe mjini.

"Tuendelee," alisema, akagonga ubao kwa chaki.

Wanafunzi wake walikuwa wanne, wote wanawake watu wazima. Walikuwa wakifanya usafi katika hoteli za Diani, na tangu machafuko ya Agosti, wabara walipofukuzwa kwa mapanga, hoteli zilikuwa tupu, wakarudishwa nyumbani. Syovata aliwaambia watalii watarudi, na wakirudi wawakute wanajua Kiingereza cha maana, si kile cha kuomba samahani tu. Alianza na maneno ya kanisani kwa kuwa hayo walikuwa wameshayasikia.

"'Pastor' kwa Kilatini ni mchungaji. Wa mbuzi na kondoo hasa, kabla hajapata suti. Na 'chapel' ni joho dogo. Askari mmoja alikata joho lake akampa maskini nusu. Watu wakajenga kijumba cha kuitunzia nusu iliyobaki, na kijumba kikarithi jina."

"Kumbe tunasali ndani ya nguo?" Mumbe aliuliza, na wenzake wakacheka.

"Ndani ya nusu ya nguo, Mumbe. Nusu nyingine alipewa mwenye baridi."

Muange alishuka kwenye pikapu na ile barua mkononi, akaiacha injini ikiunguruma. Alikuwa mwenyekiti wa kigango, na Syovata ndiye aliyemfundisha kusoma. Agosti alihamia mjini, na tangu hapo kila akija huku haizimi injini, utadhani ardhi ya Bongwe itamng'ata.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umekuja kusoma?"

"Nimekuja kuchukua vitu. Mwalimu, tulikuwa nyumba thelathini na moja. Leo zimebaki tano. Nyumba tano si kigango. Nimekutafutia chumba mjini, kizuri, kina umeme. Vile vikaratasi uliviona mwenyewe. Wabara waondoke, vimesema."

"Niliviona. Nikawashia jiko."

Alilisema kwa sauti ya darasani. Alijua kengele ikiondoka leo, kesho Mumbe atafunga mizigo, na wale watatu watamfuata. Yeye atabaki peke yake na mikorosho, na kaburi la mumewe Kaloki nyuma ya kanisa. Aliogopa. Alikuwa ameogopa tangu Agosti, na sasa alikuwa amechoka kuogopa.

Akaigeukia barua mkononi mwa Muange. "Imeandikwa Kiingereza, siyo? Nisomee neno la kwanza pale juu."

"'Parish,'" alisema Muange. "Parokia. Kila mtu analijua."

"Hulijui." Syovata aliliandika ubaoni kwa herufi kubwa. "Limetoka kwa Wayunani. Kwao lilikuwa la mgeni, mtu anayekaa kando ya nyumba ya mwenyewe, hana kwao pale ila anakaa. Wakristo wa kwanza wakajiita hivyo bila kuona haya. Sasa waliotupa vikaratasi wananiambia niondoke kwa kuwa mimi ni mgeni, na wewe unakuja na karatasi yako kuniambia vilevile. Wageni wote tukiondoka, hiyo parokia yenu itakuwa ya nani?"

"Mwalimu, maneno hayazuii panga."

"Wala mabenchi hayazuii. Mbona ndiyo unayoyaokoa kwanza?"

Muange alimwita kijana aliyekuja naye garini, wakaanza kubeba. Wanawake waliinuka benchi baada ya benchi, wakasimama kando wameshika madaftari. Muange na mwenzake walipotoka nje kuifuata kengele, ambayo ilikuwa ringi ya gurudumu la lori iliyoning'inizwa kwenye mkorosho, walimkuta Syovata ameshafika, ameikumbatia kwa mikono miwili, kutu imemchafua gauni lote.

"Hii hapana," alisema.

Hapo ndipo Kahaso alipotokea kwenye ua wa jirani, ana mikeka kichwani. Mji ule wa Bongwe ulikuwa wa wazee wake tangu zamani, na Agosti alimficha Syovata siku tatu ghalani mwake, nyuma ya nazi, bila kumwambia mtu.

"Mabenchi mwayapeleka wapi?" aliuliza.

"Shikamoo, mama. Mjini. Hapa hapakaliki tena kwa wageni," alijibu Muange.

"Marahaba. Hapakaliki, kasema nani?"

"Nawafundisha neno, Kahaso," Syovata alisema, bado ameikumbatia ringi. "Neno la mgeni anayekaa kando ya nyumba ya mwenyewe."

"Nyumba ya nani?"

"Ya mwenye mji."

Kahaso aliitua mikeka chini. "Mwenye mji hapa ni mie. Nyumba hiyo ni yangu, ile pale, paa lake mwaliona. Nami sijamwambia mtu ahame. Hao waliowatupia vikaratasi hawakuja kuniuliza, na wewe pia, baba, hukuja kuniuliza." Alimtazama Muange mpaka Muange akatazama viatu vyake. "Na mie nasali mkekani miaka yote. Mungu hajaniuliza benchi hata siku moja."

Mumbe alikuwa wa kwanza kuchukua mkeka. Aliuingiza ndani, akaukung'uta, akautandika mbele ya ubao.

Ilikuwa Jumamosi saa tisa na nusu, si saa ya kengele wala ya ibada. Syovata aliokota chuma akaigonga ringi kwa nguvu zake zote, akaigonga tena na tena mpaka bega likamuuma, ili walio karibu na walio mbali wajue kuwa yupo.

"Somo halijaisha, Muange," alisema akihema. "Kaa chini, au nenda na mabenchi yako."

Muange aliitazama barua, akaitazama pikapu. Kisha akaenda kuizima injini.