Kivuli cha Boti Kilipokwenda Doria

Jumatatu asubuhi nahodha alikuwa juu ya ngazi, akipaka rangi ubavu wa boti ya doria ambayo haikuwa imegusa maji tangu mvua zilizopita. Boti ilikuwa imepandishwa juu ya magogo mwisho wa gati, pua ikitazama bahari, ili hata aliye mbali aione. Fundi wa injini alimshikia nahodha huyo wa kike kopo la rangi. Injini haikuwa na kazi naye, na yeye hakupenda kukaa bure.

Mpango ulikuwa wa mkuu wa kituo. Onyo lilikuwa limeshuka kutoka makao makuu kwamba magaidi wangeweza kutumia vyombo vidogo: mtumbwi wa injini, vilipuzi chini ya turubai, na meli kubwa imejilalia bandarini bila habari. Pwani ya kulindwa ilikuwa ndefu, boti ilikuwa moja, na mafuta waliyoletewa yalitosha kuifikisha kwenye meli za nje na kuirudisha nusu ya njia. Mkuu aliliwaza jambo hilo mpaka akakonda, kisha akaita kikao.

"Mwizi hukimbia akiona kibao cha mbwa mkali, hata kama mbwa mwenyewe kafa," alisema. "Kazi ya doria ni kuonekana. Basi tuonekane."

Nahodha aliuliza kama wanaozama nao wataokolewa na kibao. Mkuu alimweleza kwa upole kwamba kuzama ni ajali na ugaidi ni tishio, na fungu la ajali lilikuwa limeshahamishiwa kwenye tishio. Akamalizia kwa kusema penye nia pana njia.

Jumatatu hiyo, jua lilipopanda, fundi alitazama chini. Magogo yalikuwa na kivuli, ngazi ilikuwa na kivuli, yeye mwenyewe alikuwa na kivuli kifupi chenye kitambi. Boti haikuwa nacho.

"Nahodha, kivuli kimetoka."

"Kimeelekea wapi?"

"Kusini, nadhani. Si ndiko tulikoanzia siku zote?"

Nahodha alichukua darubini. Kivuli kilikuwa kimeshaupita mnara wa taa, cheusi, kimenyooka juu ya maji, kikipunguza mwendo penye miamba kama alivyokuwa akipunguza yeye. Aliona fahari kidogo, maana ni yeye aliyekifundisha njia. Jioni kilirudi, kikajilaza chini ya boti. Usiku hakukuwa na doria, ila hata enzi za mafuta usiku hakukuwa na doria.

Pwani ikatulia tuli. Wenye magendo walihamia kwingine, na meli zilipiga redio kushukuru. Makao makuu yalifurahi, na kwa kuwa kivuli hakinywi mafuta, yakakata hata yale machache. Zimamoto wa mjini walikuja kuuliza kama gari lao nalo likiinuliwa juu ya mawe litaweza. Mkuu aliwashauri waanze na rangi.

Nahodha alikuwa na mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao, ambaye watu walimwita Vitunguu kwa sababu ndivyo alivyowauzia mabaharia wa meli zilizotia nanga nje. Tangu onyo lile, chombo kidogo hakikuruhusiwa kupita mbele ya bandari, kwa hiyo alizunguka na magunia yake nje ya miamba, ambako mawimbi hayana adabu. Dada yake alimkataza.

"Dada, mabaharia wanakula kila siku, na wanangu pia," alijibu. "Halafu si uko huko kutwa? Nakuona."

"Yule si mimi."

"Basi nisalimie yule."

Alhamisi moja wimbi lilimpindua. Kwenye darubini nahodha aliona magunia yanaelea na mdogo wake ameng'ang'ania dumu tupu. Kivuli kilikuwa kimeshafika. Kilitanda juu ya kichwa chake, kikamkinga jua, kikatulia hapo. Hakuna boti iliyowahi kuwahi namna ile.

Nahodha alikimbilia kwa mkuu kuomba mafuta. Mkuu alipiga simu makao makuu, wakamuuliza kama boti iko kwenye tukio. Alichungulia dirishani, akasema iko, kwa kuwa hakuwa mtu wa kusema uongo. Wenye mitumbwi ya injini walikataa kutoka, maana amri ilisema chombo kidogo kisisogelee boti ya doria ikiwa kazini. Kisha meli moja ikaita kwenye redio.

"Tumeona mtu majini, lakini tumeona mko naye. Kazi njema."

"Hatuko naye!" nahodha alipiga kelele. "Hicho ni kivuli tu! Simameni, mchukueni!"

Meli ilijibu kwamba, kwa mujibu wa onyo la kituo hicho hicho, meli haisimami karibu na chombo kidogo.

Yeye na fundi waliiba mtumbwi wa makasia, wakapiga makasia mpaka viganja vikachubuka. Walipofika, dumu lilikuwa peke yake. Walimtoa Vitunguu chini kidogo tu ya maji, na nahodha alimpakata akalia mpaka sauti ikakauka. Kivuli kilingoja kwa adabu. Saa yake ya kurudi ilipofika, kikarudi.

Msibani mkuu alilia machozi ya kweli. "Tulikuwa naye hadi mwisho," alimwambia mama mtu. Mama alimgeukia bintiye, akamshika mkono, akasema ameona uso wa marehemu haukuungua na jua hata kidogo, Mungu awalipe. Maneno hayo yalimchoma nahodha kuliko tusi.

Baada ya matanga aliomba tena mafuta, pipa moja tu. Mkuu alisema kwamba kwa kasi ile iliyoonekana Alhamisi, makao makuu hayaoni upungufu.

Mjane wa Vitunguu hakuwa na muda wa kukaa sana ndani. Watoto walikula kila siku. Asubuhi moja alipita gatini na gunia begani na mwavuli mkononi, akasimama mbele ya nahodha.

"Wifi, nikipinduka, utakuja wewe au kitakuja kile?"

Nahodha alitafuta uongo, akaukosa.

"Kitakuja kile."

"Basi shika," alisema wifi yake, akampa mwavuli, akashuka kwenye mtumbwi.