Valvu ya Nyuma

Fundi alikuwa na kawaida moja iliyowachosha wateja wake: akibadilisha tairi la pikipiki, lazima abadilishe na valvu, kile kishina cha mpira kinachopitishia upepo. Tairi jipya kwenye valvu kuukuu, alikuwa akiwaambia, ni kufuli jipya kwenye mlango ulioliwa na mchwa.

Asubuhi ile mteja alikuwa kaka yake mkubwa, mwalimu, mtu wa haraka tangu utotoni. Alikuwa akimpeleka mama yao kwa mdogo wao aliyejifungua, mwendo wa saa tatu. Tairi la mbele Fundi alilimaliza, valvu mpya na yote, kaka akiwa kwenye simu. Alipofika la nyuma, kaka akaja kumsimamia. Valvu haivuji, ya nini kupoteza muda? Fundi akaanza kueleza, akakatwa kauli. Basi Fundi, mwanamke aliyezoea kubishana na madereva wa malori, akanywea kama mtoto. Akalifunga tairi jipya kwenye valvu ileile ya zamani, akajaza upepo; kaka akampandisha mama, wakaondoka.

Mikono haikumtulia Fundi. Alilegeza nati aliyokwisha kuikaza, akaikaza tena. Akaenda mlangoni, akarudi. Mwishowe akaiokota ile valvu ya mbele aliyoitoa, akaipinda kwa kidole gumba. Mpira ukafunguka nyufa shinani, kama kisigino kikavu. Na ile ya nyuma ilikuwa ya umri mmoja nayo.

Akapiga simu mara nne. Iliita tu.

Muuza mikate, aliyekuwa akisubiri pikipiki yake, alimtazama akihangaika hadi naye roho ikamruka.

"Chukua yangu," akasema. "Breki ya nyuma umeshaitengeneza. Ya mbele utajijua."

Fundi aliwakuta kabla ya mteremko mkubwa, wamesimama. Mama alikuwa ameomba kunyoosha magoti. Kaka akakunja uso. Fundi hakusalimu mtu. Alichuchumaa, akaishika valvu ya nyuma, akaipinda kidogo. Ikachanika. Upepo ukatoka wote, tairi likakaa chini.

"Umeikata wewe," kaka akasema. "Ilikuwa nzima."

"Kwa vidole viwili, kaka? Huko mteremkoni, kwa mwendo wako, ingepindika zaidi ya hivi. Na mama yuko nyuma."

Kaka alitaka kujibu, lakini mama alikuwa ameshapanda pikipiki ya muuza mikate.

"Wewe sukuma," akamwambia mwanawe. "Sisi tunatangulia karakana."

Kaka alifika karakana baada ya saa mbili, shati limemganda mgongoni. Hakuomba radhi, wala hakuna aliyemtaka aombe. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akamtazama dada yake akilitoa tairi, akiipaka valvu mpya sabuni na kuivuta hadi ikakaa sawasawa kwenye rimu. Safari hii hakumharakisha.

Jioni simu ikaja: mama na kaka wamefika salama, mtoto ni wa kike, ana sauti kubwa. Fundi alitarajia moyo utatua. Haukutua. Mwezi uliopita valvu zilimwishia, akawafungia watu watatu matairi mapya kwenye valvu zao za zamani, na hakuwaambia. Akafuta mikono, akawatafuta kwenye simu mmojammoja. Kila aliyepokea, Fundi alimwomba asiipande pikipiki yake mpaka kesho, atakapomfuata yeye Fundi na valvu mpya. Wa kwanza alicheka. Wa pili alikasirika. Wa tatu hakupokea, na Fundi akavaa viatu kwenda kumtafuta.