Safu ya Nafasi

Mwalimu Cherop aliandika programu ya ripoti za shule mwaka wa 1996, katika kompyuta pekee ya shule yake huko Tuwan, Kitale, kisha akaigawa bure. Ukimtumia disketi tupu, unarudishiwa imejaa: programu yenyewe, maandishi aliyoiundia mstari kwa mstari, na barua fupi isemayo kwamba anayetaka kubadilisha abadilishe, bora naye agawe. Kutoa ni moyo, na wakati huo moyo alikuwa nao.

Barua za maombi zikaanza kumiminika, kuanzia Cheptais hadi Bungoma mjini. Huyu anataka nembo ya shule, yule anataka mahali pa sahihi ya mzazi. Wote Cherop aliwatimizia. Ombi moja tu alilikataa, na ndilo lililokuja mara nyingi kuliko yote: programu ipange watoto, wa kwanza hadi wa mwisho. Maana mzazi gani hapa kwetu husoma alama? Yeye huuliza, "Umekuwa namba ngapi?" Akishajibiwa, ama kuku achinjwe ama fimbo itafutwe.

Cherop alikataa kwa sababu ya mdogo wake, Cheptoo, aliyesomwa mbele ya shule nzima kuwa wa arobaini na tisa kati ya arobaini na tisa. Kesho yake hakurudi darasani, wala kesho kutwa, wala tena. "Alama zinatosha," Cherop aliwajibu waombaji miaka miwili mfululizo.

Basi Bramwel Khaemba, mwalimu wa hesabu kule Kimilili, akachoka kuomba. Akaiongeza safu ya nafasi yeye mwenyewe, akagawa. Kufikia muhula wa pili wa 1998, karibu kila shule ilikuwa na disketi ya Bramwel. Hata mkuu wa shule ya Cherop aliagiza yake bila kumwambia.

Siku moja Bramwel akaja Kitale mwenyewe, na tabasamu la mtu anayejua amemuudhi mwenzake.

"Si uliandika tubadilishe, Mwalimu?"

"Niliandika."

"Basi usinikasirikie, bana. Hiyo safu iko na shida moja. Watoto wakifungana alama, ati mmoja inamweka juu na mwingine chini, inafuata tu alfabeti. Wale wa herufi W ndio wanaumia."

Cherop alingoja hasira ije. Haikuja. Moyo ulikuwa umekufa ganzi. Akikataa, watoto wataendelea kuonewa, na safu itabaki pale pale. Akaketi, akafungua maandishi ya Bramwel, akayarekebisha kwa mistari minne. Sasa waliofungana walishika nafasi moja. Ilikuwa kazi safi, na haikumpa furaha yoyote.

Bramwel alishukuru mno, na palipo na shukrani nyingi ujue kuna jingine linakuja.

"Na Mwalimu, wakuu wa shule wanauliza, wale wa mwisho wanaweza kuandikwa kwa herufi nzito? Ndio mzazi aone haraka."

Mwaka uliopita angemfukuza ofisini. Cherop akarudisha vidole kwenye kibodi.

"Wa mwisho wangapi?" akauliza.