Kipande cha Langoni

Mama Kitalu aliung'oa mche kwa vidole viwili tu, kama mtu anayetoa unywele kwenye unga, akauinua mbele ya macho yangu. Ulikuwa mgunga, umekaa ardhini wiki kumi na moja. Mizizi yake ilikuwa bado imezunguka duara, kwa umbo lile lile la kiriba cha plastiki tulichouoteshea.

"Umeona?" alisema. "Umehamia nyumba mpya, lakini unalala umejikunja kama mgeni kwa shemeji yake."

Nilicheka kidogo, kisha nikashindwa kuendelea. Nyuma yake uwanda wote ulikuwa na miche ya namna hiyo, elfu mbili na mia tatu, majani yamekauka yakawa na rangi ya chai. Mvua ilikuwa imenyesha vizuri, kwa hiyo sikuweza kuisingizia. Maji yalikuwa yametuama juu ya udongo, hayana pa kwenda. Nilichukua mtaimbo nikaupiga chini. Ulilia kama umegonga sakafu.

Na sababu niliijua. Hilo ndilo lililoniuma.

Uwanda ule ulikuwa mgodi wa makaa ya mawe, uliofungwa nilipokuwa mwaka wa pili chuoni. Baba alikuwa ameendesha tingatinga pale kwa miaka ishirini na tisa. Kilima nilichokiona utotoni kupitia dirisha la jikoni, yeye na wenzake walikiondoa kidogo kidogo, mpaka siku moja dirisha likabaki na mbingu tupu. Nilisomea mimea kwa sababu ya dirisha lile, ingawa sikuwahi kumwambia. Nilipohitimu, kampuni iliniajiri nirudishe uoto wa asili. Nikapewa kitalu, Mama Kitalu wa kunifundisha kazi, na misimu miwili ya mvua. Miche ikishika, ardhi ingeachiwa miti yake. Isiposhika, wangemwaga mbegu za nyasi za kigeni, zile zinazoota popote na kutoachia kitu kingine nafasi, kisha wafunge lango waondoke.

Baba aliomba mwenyewe kazi ya kusawazisha. Wenzake walimwita Mzee Pasi, maana alipopita yeye hapakubaki kunyanzi. Safari ile alizidi hata kawaida yake. Alirudia mara nne, mara tano, akishuka kila mara kuchungulia usawa kwa jicho moja, kama seremala. Alipomaliza alinishika bega.

"Hiyo ni yako, mama," aliniambia. "Weka gololi popote, haitakwenda."

Chuoni nilikuwa nimesoma kurasa nzima juu ya jambo hilo: kwamba mashine nzito ikipita mara nyingi huushindilia udongo mpaka mizizi ikakosa njia, na kwamba ardhi ya mgodi ikitaka kupandwa miti iachwe vurugu, na mabonge yake. Nilizijua kurasa zile karibu kwa moyo. Nikamtazama baba usoni.

"Imependeza sana," nikasema.

Siku ile ya mtaimbo nilirudi nyumbani na mche ndani ya gazeti. Baba alikuwa akipiga pasi ovaroli yake, kama kila jioni, ovaroli ambayo ingejaa vumbi kabla ya saa tatu asubuhi. Niliuweka mche kwenye pembe ya meza. Akauinua, akaufuata mzunguko wa mzizi kwa ukucha. Hakusomea mimea, lakini udongo aliujua.

"Chini ni pagumu," alisema.

"Ndiyo."

"Kwa sababu yangu."

"Na yangu. Nilijua tangu siku ile uliponionyesha."

Akaisimamisha pasi. "Ulijua, ukanyamaza?"

"Ulikuwa umefurahi sana, baba."

Mvuke wa kitambaa ulitoweka kati yetu.

"Mwanangu, mimi si yai," alisema mwishowe. "Nimevunja kilima kizima, nikarudi nyumbani, nikala, nikalala. Unadhani neno lako moja lingenivunja?" Kisha, kwa sauti ya chini zaidi: "Na miche ingepona."

Afadhali angenigombeza.

Kabla ya msimu wa pili alifunga meno ya chuma nyuma ya tingatinga, marefu kama mkono wa mtu mzima, akaanza kuirarua kazi yake. Mafundi wa karakana walikuja kusimama uzioni na vikombe vyao vya chai.

"Mzee Pasi! Leo umeamkia upande gani? Mbona unaikunja nguo?"

"Fundi anafumua mshono wake," alijibu bila kupunguza mwendo. "Ungekuwa wako ningekuita."

Kazi ile ilimchukua siku tatu. Nyuma yake palibaki matuta na mashimo, mabonge yameinuka ovyo kama kitanda cha mtoto mgonjwa. Alasiri ya siku ya tatu akazima injini. Kilibaki kipande kimoja karibu na lango, upana wa tingatinga, laini kama siku alipokikabidhi. Alishuka, akajifuta mikono, akakitazama.

Nilimwelewa. Nilitamani sana kumwachia.

"Baba," nikasema. "Bado hapo."

"Hata hapa?"

"Hata hapo."

Alinitazama. Nikafikiri amekasirika, mpaka nilipoona mdomo wake unapambana na tabasamu. Akapanda, akashusha meno.

Huu ni mwaka wa sita tangu siku ile. Msimu ule wa pili miche mingi ilishika, na nyasi za kigeni hazikumwagwa. Mwezi uliopita baba alikuja kututembelea, siku hizi amestaafu, shati limenyooka kama karatasi. Hatua ya tatu baada ya lango akajikwaa kwenye tuta. Akanyoosha mkono, akashika alichokikuta, na alichokikuta kilikuwa mgunga, shina lake nene kama kifundo cha mguu.

"Nani ameacha njia mbovu namna hii?" aliuliza.

"Muulize mwenye tingatinga," Mama Kitalu alimwambia, bila kuinua kichwa kutoka kwenye viriba vyake.

Baba alikuwa bado ameushika mti, ameuegemea kwa uzito wake wote, nao haukuyumba.