Kapri Mbili, Kitabu Kimoja

Kila asubuhi saa kumi na mbili na robo, kabla ya kuelekea Soko la Burma, Wanza alimimina lita nne za supu ya mifupa ndani ya tangi la gari lake, akafuta mdomo wa tangi kwa kitambaa na kukaza kifuniko. Supu ilikuwa haina chumvi na ilikuwa imechujwa mara mbili. Siku moja alipitiwa akatia yenye chumvi, na gari likakohoa njia nzima kutoka Shauri Moyo hadi kibandani kwake. Tangu hapo alionja kwanza.

Gari lenyewe lilikuwa Kapri ya mwaka 1973, la milango miwili, boneti ndefu na sauti nzito. Marehemu mumewe, Maingi, aliyekuwa dereva wa baraza la jiji, alilinunua mwaka 1989 kutoka kwa mhasibu Mzungu aliyekuwa akirudi kwao. Bei ilikuwa sawa na ya ng'ombe wawili wa maziwa, na mtaa mzima ulimcheka Maingi kwamba ng'ombe angalau wangempa maziwa. Enzi hizo magari ya injini kubwa hayakuwa na mwenyewe. Yalikunywa petroli bila huruma, na mwenye akili zake alitafuta kigari kidogo. Maingi aliwaacha wacheke. Alipofariki, Wanza aling'oa kiti cha nyuma, akaanza kubebea makaa, nyama na sufuria za kibanda chake cha nyama choma. Gari likamsomeshea Ndanu, binti yake wa pekee, mpaka chuo.

Miaka kumi hivi iliyopita, mabwana wa upande wa pili wa jiji walitambua kwamba kitu walichokuwa wakikosa maishani ni magari waliyoyatamani ujanani. Wakaanza kuyatafuta. Bei ya Kapri ikapanda, na bei ya vipuri vyake ikaitangulia. Kabureta ambayo Maingi aliwahi kuipata kwa nauli na asante ikawa inauzwa kwa kodi ya nyumba ya miezi minane.

Wanza alijulia habari hizo dukani kwa Opicho, muuza vipuri ambaye Maingi alimwamini kama ndugu. Kila kitu kilipochakaa alikipeleka huko kutafuta kingine, na kila mara Opicho alikigeuzageuza mkononi, akatikisa kichwa.

"Mama Ndanu, hii imekufa. Na mpya huwezi kununua, nakwambia ukweli. Lakini acha niiweke kwa mizani, nikupe ya chuma chakavu. Mimi nakusaidia tu."

Wanza alitia sahihi kwenye risiti, akachukua pesa ya chuma chakavu, akashukuru. Mara mbili alimkaribisha Opicho kibandani na kumpakulia ubavu wa mbuzi bila malipo. Baadaye ubavu huo ulimuuma kuliko kabureta.

Aliyeliokoa gari ni Mzee Nzivo, mchonga vinyago aliyekuwa na karakana Majengo na chumba jirani na cha Wanza. Kirungu cha gia kilipovunjika, alichonga kingine cha mti wa mzeituni. Kilifanya kazi vizuri kuliko cha kwanza. Basi ikawa desturi: kabla kitu hakijaenda kwenye mizani ya Opicho, kilipitia kwanza mikononi mwa Nzivo.

"Niletee nikione," alisema. "Sitaki vipimo. Vipimo ni vya seremala."

Wachongaji wa kwao hawakutumia rula. Nzivo alikishika kitu kwa mkono wa kushoto, akakikodolea macho kwa muda wa bakuli moja la uji, kisha mkono wa kulia ukaanza kazi. Macho yakishaona, mkono haukuacha kitu. Kama pistoni ilikuwa na mkwaruzo, ya mti nayo ilitoka na mkwaruzo uleule. Alichonga plagi, redieta, shafti, hata nyaya za taa, akazisuka kwa magome. Mwaka wa sita injini yote ilikuwa ya mti mgumu wa muhugu. Mwaka wa nane milango na fremu vikawa vya jakaranda. Matairi pekee yalibaki ya kununua, kwa sababu Nzivo alisema mpira nao unatoka kwenye mti, hana haja ya kujisumbua.

Petroli haikuifaa injini ya mti, iliiunguza koo. Maji yaliifanya ivimbe. Supu ilikubali tangu siku ya kwanza. Majirani walipoona hivyo walisema afadhali, maana mafuta yalikuwa yamepanda tena. Askari wa trafiki walilisimamisha gari mara nyingi, wakaligongagonga kwa kiganja na kuuliza bima. Bima ilikuwepo.

Mwezi wa Agosti mwaka jana barua ilifika. Iliandikwa na wakili aitwaye Muriuki, mwenyekiti wa chama cha wenye magari ya kale. Muriuki alieleza kwa lugha ya heshima kwamba kwa muda wa miaka kumi alikuwa amenunua kutoka kwa Opicho, kipande kwa kipande, Kapri nzima ya mwaka 1973, na sasa imeunganishwa, imepakwa rangi na iko tayari. Kilichopungua ni kitabu cha umiliki tu, ambacho yeye, Wanza, aliendelea kukishikilia kwa gari lisilokuwepo tena. Bila kitabu, Kapri ile ilikuwa mapambo. Ikiwa nacho, ilikuwa milioni kumi na mbili. Wanza alitakiwa afike na gari lake Jumapili ya mwisho ya Septemba, kwenye maonyesho ya chama, ambako afisa wa ukaguzi angeyatazama magari yote mawili na kuamua lipi ndilo lililotajwa kitabuni. La pili lingefutwa barabarani.

Wanza aliisoma barua akiwa amesimama, kisha akaketi juu ya debe la makaa. Gari likifutwa, kibanda hakina miguu. Na Maingi, aliyechekwa na watu wote, angekuwa hakuwahi kununua kitu.

"Kwa hiyo havikuwa vimekufa," alimwambia Nzivo jioni hiyo.

"Nilikuwa najua," Nzivo akajibu. "Kitu kilichokufa hakikai mkononi vile."

"Na hukuniambia?"

"Ulikuwa unamwita Opicho shemeji, Mama Ndanu. Ningesema nini?"

Wanza alikasirika, akamnunia siku mbili nzima. Siku ya tatu akampelekea matumbo ya mbuzi, kwani hasira yenyewe ilikuwa ya Opicho, si yake.

Jumapili hiyo walikwenda watatu: Wanza kwenye usukani, Nzivo kando yake, na Ndanu nyuma, akiwa ameikumbatia sufuria ya supu ya akiba. Vijana wa Shauri Moyo walikuwa wamelisugua gari kwa mafuta ya nazi mpaka likang'aa.

"Mathe, ukifika huko usiwaogope," mmoja aliyeitwa Odera alimwambia. "Hao wanaweka ndai zao kwa blanketi. Wewe gari yako inachapa kazi."

Uwanjani magari yalikuwa yamepangwa kwenye nyasi, kila moja na kibao cha jina lake. Kapri ya Muriuki ilisimama katikati, nyekundu ileile ambayo Maingi aliipenda. Wanza aliitambua kwa mbali. Aliikaribia, akaigusa mlangoni pale Ndanu alipokwaruza herufi zake akiwa darasa la pili. Mafundi wa Muriuki walikuwa wameziziba na kupaka rangi juu yake. Kwenye mlango wa jakaranda herufi zilikuwepo, maana Nzivo alizichonga kama alivyoziona.

Afisa wa ukaguzi alikuwa mama wa makamo aitwaye Batulo, mwenye miwani, kalamu mbili na subira nyingi. Alipiga magoti kwenye Kapri ya chuma, akasoma nambari ya fremu, akaandika. Akapiga magoti kwenye Kapri ya mti, akasoma nambari ya fremu, akaandika. Zilikuwa nambari zilezile, tarakimu tisa kwa tisa, hata ile saba iliyopinda kichwa. Injini nazo hali kadhalika.

"Nani alichonga nambari hizi?" Batulo aliuliza.

"Mimi," Nzivo akasema. "Zilikuwepo, nikazichonga. Singeziruka."

Muriuki alicheka, akasema hiyo ni kughushi. Batulo akamjibu kwamba kughushi kunahitaji nia, na mzee huyu alikuwa amechonga hata kutu. Kisha akafungua kitabu cha sheria, akapitisha kidole chini ya mstari.

"Gari ni chombo kinachojiendesha chenyewe barabarani. Hawaandiki kimetengenezwa na nini. Haya. Kutoka hapa hadi langoni, na kurudi."

Kapri ya chuma ilipewa zamu ya kwanza. Fundi wa Muriuki, kijana aliyesomea ng'ambo, aliwasha mara moja, mara mbili, mara ishirini. Betri ilikuwa mpya, petroli ilikuwa safi, na cheche ilionekana ikiruka. Injini ilizunguka na kunyamaza. Fundi alishuka na kujifuta jasho.

"Imekuwa hivi tangu tuiunganishe, wakili," alisema. "Ina kila kitu. Haitaki tu."

Wanza aliingia garini. Alionja supu, akaongeza kikombe kimoja, akageuza ufunguo. Kapri ya mti ilinguruma kwa jaribio la kwanza, na sauti ile nzito ikapita kwenye nyasi mpaka farasi wa uwanja wa jirani wakainua vichwa. Alikwenda hadi langoni bila haraka, mkono mmoja nje ya dirisha kama alivyozoea Maingi, akageuza, akarudi. Harufu ya mchuzi ilitanda uwanjani, na mabwana waliokuwa wamesimama kando ya magari yao wakaanza kuulizana kuhusu chakula cha mchana. Kisha wakapiga makofi. Ndanu alipiga vigelegele peke yake, lakini vilitosha kwa watu mia.

Batulo aligonga mhuri kwenye kitabu na kumkabidhi Wanza. Kwenye fomu ya Muriuki aliandika neno moja: vipuri.

"Na vipuri vyangu je?" Wanza akauliza. "Mimi niliambiwa vimekufa. Nililipwa ya kilo."

Batulo alivua miwani. "Risiti za Opicho wakili anazo, mama, na sahihi ni yako. Fomu haina nafasi ya kuandika uliambiwa nini."

"Basi ongeza nafasi."

"Ningeongeza," Batulo alisema, na ilionekana anasema kweli.

Jioni hiyo Shauri Moyo haikulala mapema. Gari lilizungushwa mtaani mara saba. Wanza alicheza ngoma ya kilumi mpaka goti likamkataza, akawaambia watu kwa sauti kwamba Maingi alinunua gari, na asiye na masikio aje aambiwe kwa mkono. Hakuna aliyebisha. Alikuwa na furaha ambayo hakuwa ameisikia tangu harusi yake, na hakuona sababu ya kuificha.

Mwezi uliofuata Muriuki aliuza vipuri vyake, vyote pamoja, kwa mtu wa ng'ambo asiyejali kama vinawaka. Bei haikuwa milioni kumi na mbili. Ilikuwa kumi na tano, kwa sababu sasa vilikuwa na hadithi. Opicho alipata kamisheni, akapanua duka. Wanza hakupata shilingi, na hakuna aliyetarajia apate.

Alikutana navyo Alhamisi moja kwenye Barabara ya Jogoo, karibu na uwanja wa mpira. Kapri nyekundu ilikuwa juu ya lori, imefungwa minyororo kwenye magurudumu yote manne, ikielekea kwenye meli. Lori lilikuwa likipanda polepole, likitoa moshi mweusi. Wanza alikuwa nyuma yake akiwa na mbuzi wawili waliochinjwa, gunia la makaa, na Nzivo aliyesinzia. Alitazama rangi ile kwa muda. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa leso, maana wateja wa saa sita hawangoji. Kisha akawasha taa ya kulia, akatia gia ya tatu, na akalipita.