Mkasi Uliowahi

Maziwa yalikataa kuganda tena. Mtaalamu alilijua hilo hata kabla hajafika kwenye matangi, kwa sababu Kimya alikuwa amenyamaza. Huyu Kimya ndiye fundi wa matangi wa kile kiwanda kidogo cha mtindi, na jina hilo wenzake walimbandika kwa utani tu, maana mdomo wake haukuwa na breki. Alikuwa anaongea na pampu, anaongea na ndoo, anaigombeza mifuniko. Mtu kama huyo akinyamaza, jamani, ujue mambo yamekwenda mrama.

Kimya alichota kwa upawa mrefu, akamimina tena tangini. Maziwa yakatiririka mepesi, yaleyale ya jana.

"Yamwage," sauti ilisema nyuma yao.

Ilikuwa ya shangazi yake Mtaalamu, mwenye kiwanda. Hakufoka, na hilo ndilo lililomuumiza Mtaalamu zaidi. Huyu mama alimlea tangu akiwa binti mdogo, akamsomesha mpaka akabobea kwenye mambo ya bakteria, na aliporudi akamtolea stoo ya ndoo iwe maabara. Jina la Mtaalamu yeye ndiye aliyempa. Siku za furaha lilikuwa la kujivunia. Siku kama hii lilikuwa na pilipili ndani yake.

"Mtaalamu, nimempa neno yule mnunuzi. Mwisho wa mwezi anakuja tusaini. Anataka jengo, mtindi hautaki. Atafanya ghala."

"Shangazi, nipe nafasi moja tu."

"Nafasi nimekupa mpaka zimeniishia." Akaondoka, kandambili zikipiga sakafu yenye maji.

Tatizo lilikuwa virusi. Ukitaja virusi watu wanakimbilia kushika pua, wanadhani unasema mafua. Lakini bakteria nao wana virusi vyao, na mtindi ni kazi ya bakteria: ndio wanaoyachachusha maziwa mpaka yakaganda. Kirusi kinajibandika kwa bakteria, kinamdunga DNA yake kama mtu anayepiga sindano, na tangu hapo bakteria maskini anasahau maziwa, anafanya kazi ya kuzalisha virusi mpaka anapasuka. Walisugua matangi, wakabadilisha mabomba, wakapaka kuta rangi upya. Wapi! Wiki mbili shwari, kisha virusi hivyoo. Mbegu ya mtindi ya kununua, yaani bakteria wa kuanzishia, nayo waliijaribu. Mtindi ukatoka mchachu wa kukunja uso, wateja wakarudisha vikombe. Ladha waliyoipenda ilikuwa ya mbegu ya shangazi, na mbegu hiyo haikuwa na kinga.

Kinga ilikuwa kwa bakteria mwingine wa maziwa, ndugu wa mbali wa hao wa shangazi. Huyo alikuwa na jeni mbili zinazoshirikiana. Moja inagonga muhuri juu ya DNA ya mwenyewe, kote kote. Nyingine inatengeneza mkasi, na mkasi huo ukikutana na DNA isiyo na muhuri, unaikatakata. DNA ya kirusi ikiingia haina muhuri, kwisha habari yake. Mtaalamu alitafuta kibali, akakipata, akazihamishia jeni hizo kwenye mbegu ya shangazi.

Zikaua mbegu yote. Akarudia, zikaua. Kila asubuhi alifungua kabati la joto, akatoa visahani vyake vya kukuzia bakteria, akakuta vitupu kama havijapandwa kitu. Aliwahi kukaa chini sakafuni pale maabara, mgongo kwenye friza, akalia kwa hasira. Kulaumu virusi angeweza, lakini hapa virusi havikuwepo. Kinga yenyewe ndiyo ilikuwa inamuua mwenye nyumba.

Siku hiyo ya kumwaga maziwa, alikuta kisahani kimoja kina kidoa. Kidoa cheupe, kidogo, pembeni kabisa. Akakikuza, akakipa virusi ili aone kitakavyopambana.

Kikafa. Hakikupambana hata kidogo.

"Yaani wewe mmoja ndiye uliyesalia, halafu huna kinga?" alikifokea kile kisahani, naye sasa ameanza kuwa kama Kimya. "Sasa ulisaliaje?"

Na swali likamgeukia mwenyewe. Aliyesalia ni yule ambaye mkasi wake umeharibika. Wenye mkasi mzima wamekufa wote. Kwa hiyo mkasi ulikuwa unawakata wao wenyewe, na mkasi hauwezi kukata palipogongwa muhuri. Ina maana ulikuwa unafika kabla muhuri haujagongwa.

Kati ya zile jeni mbili kulikuwa na ya tatu, fupi, ambayo yeye mwenyewe aliiondoa. Aliona mapema sana kwamba kazi yake ni kuuchelewesha mkasi, akaipuuza. Virusi havisubiri, alijiambia wakati ule, basi kuchelewa kwa faida gani? Akaing'oa, akaweka swichi yake ya kisasa inayowasha muhuri na mkasi kwa mpigo. Alijiona fundi kweli.

Alimkuta shangazi ofisini na Kimya, wanapanga nani aambiwe kwanza kwamba kazi imekwisha. Akawaeleza akiwa amesimama mlangoni, pumzi juu.

"Kwa Kiswahili, mwanangu," shangazi alisema.

"Umeajiri mlinzi, umempa rungu, umemwambia ampige kila asiye na kitambulisho. Lakini vitambulisho vya wafanyakazi havijatoka. Atampiga nani?"

"Sisi wote," Kimya alidakia. "Mimi wa kwanza, maana hata vikitoka, changu nitakuwa nimekisahau nyumbani."

"Basi ile jeni ndogo ndiyo inayomwambia mlinzi angoje. Inaanza taratibu, inajijaza kidogo kidogo, na mpaka ifikie kiasi cha kuuwasha mkasi, muhuri umeshagongwa kila mahali. Haikuwa uvivu, shangazi. Ilikuwa utaratibu."

"Na nani aliyeitoa?"

Mtaalamu akatazama chini. "Mimi. Niliona inatuchelewesha."

Shangazi alimkodolea macho, halafu, lo! akacheka mpaka akafuta machozi kwa khanga. "Huyu mtoto! Kimya, huyu alikuwa anafunua sufuria kila saa kuuliza wali umeiva, wali wenyewe haujapata hata mvuke. Nenda. Irudishe. Mnunuzi bado anakuja, lakini nenda."

Kipande kizima, pamoja na ile jeni fupi, kilikuwa bado kwenye friza. Alikirudisha kama kilivyokuwa, hakugusa kitu. Kisha akangoja, na kungoja kulimtesa kuliko kazi yoyote. Alipofungua kabati la joto, visahani vilikuwa vimejaa vidoa vyeupe, vimebanana mpaka havihesabiki. Akawapa bakteria hao virusi. Virusi vikadunda.

Lakini kisahani si tangi. Asubuhi ya siku ya mnunuzi walitia mbegu mpya kwenye tangi lilelile lililowatesa, na Mtaalamu, roho mkononi, akaongeza kwa makusudi kikombe cha maziwa yaliyoharibika, yamejaa virusi. Kimya aliona, akafumba macho. Mchana kutwa walizunguka tangi kama wageni waliokosa viti.

Jioni shangazi alikuja na kijiko chake cha jikoni. Akafunua mfuniko, akakichomeka. Kijiko kikasimama wima.

Akachota, akaonja, akafumba macho, akaonja tena.

"Ndio wenyewe," alisema. "Ndio wenyewe kabisa."

Mtaalamu akashika ukingo wa tangi. Alikuwa hajui amebeba mzigo kiasi gani mpaka ulipomtoka mabegani. Kimya naye alipiga kelele moja, akaanza kulisifu tangi kwa majina yote, akaliomba radhi kwa matusi ya mwezi mzima, na hakuna aliyetamani anyamaze.

Simu ikaita. Mnunuzi alikuwa getini na kalamu yake.

"Samahani sana, baba, kwa usumbufu," shangazi alisema kwa adabu zote. "Siuzi. Hapana, hata ukiongeza. Karibu ndani lakini, ule mtindi."

Akakata simu, akamgeukia mtoto wa kaka yake, akamshika mashavu kwa mikono yote miwili, mikono iliyonuka maziwa.

"Sasa nenda kalale, mama. Kesho alfajiri maziwa yanaingia."